Watoto wa Marehemu

Kiswahili hakiulizi jinsia ya mtu haraka. Mtoto ni mtoto, mjukuu ni mjukuu, mzazi ni mzazi. Ukisema "ndugu yangu anakuja kesho", anayekusikiliza hajui kama ampokee mwanamume au mwanamke. Tunapozungumzia jambo hili darasani, sisi tunaosoma shahada ya uzamili ya isimu, huwa tunajivuna kidogo. Kwingine watu wanahangaika kubuni maneno ya aina hiyo, sisi tumeyarithi.

Lakini kurithi maneno si kurithi shamba.

Babu alipofariki, kikao cha ukoo kiliamua kwamba mali ni ya watoto wa marehemu. Hakuna aliyepinga. Walipofika kwenye shamba la migomba, neno likaongezwa: watoto wa kiume. Mama, mzaliwa wa kwanza, akaambiwa atalima na kula, ila hana ruhusa ya kuuza.

Wazee hawakuyatunga papo hapo. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema vivyo hivyo: mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo, kuiuza hawezi. Huko Kagera, Holaria Pastory aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Aliyemshtaki, Bernardo Ephrahim, alikuwa mpwa wake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama wanaume wa ukoo wake. Uamuzi huo tunausoma vyuoni. Kwenye kikao chetu hakuna aliyeutaja.

Mpwa, mtoto, ndugu: maneno yote hayo hayabagui. Kinachobagua ni kile kivumishi kidogo kinachongoja mpaka mali igawanywe.

Mwaka jana mama aliandika wosia wa kiwanja alichonunua mwenyewe. Mimi ndiye niliyemchapia. Nilipoandika "watoto wangu wote", akanitaka niongeze: wa kike na wa kiume, sawa kwa sawa. Nikamweleza kwamba kisarufi neno watoto linatosha, limetubeba sote.

"Kisarufi," akasema, "hata mimi nilikuwa mtoto wa baba yangu."

Nikaongeza.