Kutafuta Weusi
Siku ya kwanza mkufunzi alituambia tusahau watoto tumboni. Sisi wa ambulensi tungetafuta kitu kimoja: weusi. Kwenye skrini ya ultrasaundi, damu iliyovuja huonekana nyeusi, na hupenda kujikusanya palepale: kati ya ini na figo, kando ya wengu, nyuma ya kibofu, kuzunguka moyo. Tukapakana jeli, tukatafutana maini hadi mikono ikazoea.

Hapa Usenge si mchezo. Mtu amegongwa na boda, au mama amevushwa kwa boti kutoka kisiwa cha Mageta akishika tumbo. Anaongea vizuri, kumbe anavuja ndani. Ukiuona weusi, unapiga simu mapema damu itafutwe, na unapitiliza kituo kisicho na chumba cha upasuaji. Usipouona, usijidanganye: damu kidogo hujificha, kwa hivyo unarudia kupima. Na gari halisimami kwa ajili ya picha.

Shemeji yangu, mvuvi, huniuliza kama sasa mimi ni daktari. Wapi! Mashine haishoni mshipa. Inanisaidia tu kujua nani hawezi kungoja, na huku kwetu, kwa umbali huu, hilo ndilo swali lenyewe.