Binti Yetu na Maji ya Kisima

Tangu mwanetu aanze mwaka wa kwanza wa uhandisi wa ujenzi hapa Mombasa, tumekuwa tukiulizwa swali moja harusini na hitimani: mbona hakusomea udaktari, na alama alikuwa nazo? Jibu letu ni refu kuliko subira ya waulizaji, ndipo tukaona tuliandike.

Hesabu aliipendea madrasani, katika darasa la mirathi. Ustadhi aliwapa suala la mtu aliyefariki akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, mabinti thuluthi mbili, baba sudusi, na mama sudusi. Mwanetu alijumlisha mara tatu, na kila mara akapata 27 juu ya 24. Mafungu yamezidi mali! Alirudi nyumbani amenuna. Kesho yake ustadhi akawafahamisha kuwa hilo ndilo suala la mimbari, aliloulizwa Sayyidna Ali, Allah amridhie, naye akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui. Kila mrithi hupunguziwa kwa kadiri ya fungu lake, na hapana anayedhulumiwa. Baadaye alifurahi mno kusoma kwamba al-Khwarizmi, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9, alitenga sehemu kubwa kwa mirathi.

Ama maji, hayo aliyapata kwa bibi yake. Asili yetu ni Lamu, na likizo za utoto wake zilipita Shela, ambako bibi alimzoesha kuyaonja maji kabla ya kujaza mtungi. Mji wa Lamu hutegemea visima vya Shela. Mvua huzama katika vile vilima vya mchanga, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, huelea chini ya ardhi juu ya maji ya bahari. Mwanetu alituonyesha kwa bilauri ya maji na mafuta ya nazi. Kisha akatupa hesabu iliyotukosesha usingizi: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake huwa na takriban mita 40 za maji matamu. Basi uso wa maji ukishushwa mita moja tu, na ukabaki hivyo, chumvi nayo hupanda kiasi cha mita 40 kutoka chini. Ndoo na kamba hazikuwa na nguvu hiyo, pampu inayo.

Wapo wanaomwambia dawa ni kuchuja maji ya bahari. Yeye hujibu kwamba lita moja ya maji hayo ina gramu 35 hivi za chumvi, na kuyapenyeza katika chujio kwataka shinikizo lipitalo mara 50 ya lile la hewa. Umeme huo ataulipa nani? Anachotaka kujifunza ni kisima kichotwe kiasi gani kabla hakijaharibika.

Mwaka wa kwanza, hata hivyo, hauna maji hata tone. Ni hesabu, mekanika, michoro, na karakana. Shangazi zake walinung'unika waliposikia habari ya ovaroli. Huvaa hijabu fupi, ncha zake amezifungia ndani, kwa sababu mashine ya kukereza huvuta kila kinachoning'inia, uwe mtandio wa msichana au tai ya mwalimu.

Wengi wamesahau kwamba Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, anakosoma, kilianza kikiwa taasisi ya elimu ya Kiislamu, na miongoni mwa waliochangia kuijenga ni Aga Khan na Sultani wa Zanzibar. Tunalitaja hili kwa sababu ya ada. Mkopo wa serikali kwa wanafunzi una riba ya asilimia 4, na mwanetu amekataa kuujazia fomu. Sisi wazazi tuligawanyika. Mmoja wetu alisema elimu ni dharura. Mwengine akasema dharura haitangazwi kabla milango mingine haijabishwa. Tuliliuliza kwa wanavyuoni, tukapata majibu mawili. Bibi yake wa Shela hakungoja la tatu: aliuza bangili zake mbili za dhahabu, nazo zikalipa mwaka huu.

Masomo haya ni ya miaka mitano. Familia zilizosomesha watoto kwa njia isiyo na riba, iwe kwa wakfu, kwa zaka au kwa ukoo kuchangiana, tunaziomba zituandikie kupitia jarida hili namna zilivyopanga. Ada ya mwaka wa pili inatakiwa Septemba.