Malta: Likizo bila gari, bila haraka

Mpenzi msomaji, huenda umeweka akiba kwa miaka mingi ili siku moja uione Ulaya. Usiimalize kwa kukodi gari. Nenda Malta, kisiwa cha Bahari ya Mediterania, ambako basi litakufikisha karibu kila mahali.

Ukishapata viza ya Schengen, tafuta chumba kimoja karibu na mji mkuu, Valletta, na usihamehame. Kituo kikuu cha mabasi kiko nje tu ya lango la mji. Tiketi ya kawaida hutumika kwa saa mbili, hata ukibadilisha basi. Inua mkono ili dereva akuone. Wakati wa joto, basi lililojaa hupita bila kusimama, kwa hivyo ondoka mapema.

Gozo itengee siku nzima. Panda basi hadi Ċirkewwa, kisha feri ya dakika 25 hivi hadi Mġarr. Nauli ya feri hii utalipa wakati wa kurudi. Kutoka bandarini, basi litakupeleka Victoria, penye ngome ya kale juu ya kilima.

Wengi huharibu likizo kwa kutaka kuona kila kitu. Chagua jambo moja kwa siku. Basi likichelewa, tega sikio: Kimalta chimbuko lake ni Kiarabu, na utawasikia wenyeji wakitaja 'sitta' na 'baħar'. Ndiyo sita na bahari zetu!

Haraka haraka haina baraka. Safari njema!