Gumegume: Jiwe, Neno na Ustadi Uliodharauliwa

Eldoret ni mji wenye jina la mawe. Jina hilo lahusishwa na neno la Kimaasai, eldore, lenye maana ya mto wa mawe. Nao mto wenyewe ni Sosiani, upitao mjini ukijikwaa juu ya miamba yake. Sehemu kubwa ya mwamba uliolala chini ya uwanda wa Uasin Gishu ni fonolaiti, jiwe la volkano litoalo mlio bamba lake linapogongwa. Ndiyo asili ya jina lake la Kiyunani. Aghalabu mpita njia huliona kuwa ni kokoto ya kujengea tu. Hata hivyo, jiwe la aina iyo hiyo limo katika ukurasa wa kwanza wa historia ya ufundi duniani.

Mwaka 2011, mahali paitwapo Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, watafiti walioongozwa na Sonia Harmand na Jason Lewis waligundua mawe yaliyochongwa yapata miaka milioni 3.3 iliyopita. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Mawe hayo, yakiwemo ya basalti na fonolaiti, ni makubwa na mazito, na inaelekea mengine yaliinuliwa kwa mikono miwili na kubamizwa juu ya jiwe jingine lililotulia chini. Wapo wataalamu wanaoujadili umri huo. Lakini hata mjadala huo ukiwekwa kando, vifaa vya Gona, Ethiopia, vina umri wa miaka milioni 2.6, na Bonde la Olduvai, Tanzania, limeipa dunia jina la ustadi mzima: Oldowani.

Ustadi huo hauhitaji nguvu nyingi kama unavyohitaji jicho. Fundi hushika jiwe mama kwa mkono mmoja na jiwe la kugongea kwa mkono wa pili. Hutafuta ukingo ambao pembe yake haifiki nyuzi 90, kisha hupiga karibu na ukingo huo. Akipiga ndani mno, jiwe hukataa. Akipiga nje mno, ukingo husagika bure. Pigo likiwa sahihi, kibanzi hubanduka kikiwa na makali yanayoweza kupasua ngozi ya mnyama. Chini ya mahali palipopigwa huwa pana kinundu, na kutoka hapo mawimbi husambaa jiweni mithili ya maji yaliyotupiwa changarawe. Kwa alama hizo mtafiti hutambua jiwe lililochongwa na lile lililovunjwa na mto. Wahenga walinena kwamba bandu bandu huisha gogo. Mchongaji wa kale alilijua hilo, kwa maana kila pigo lilimpunguzia nafasi ya pigo lijalo.

Kwa muda mrefu ustadi huu ulizidi kukomaa. Olorgesailie, kusini magharibi ya Nairobi, pamejaa mashoka ya mkono, na Louis na Mary Leakey walianza kupachunguza miaka ya 1940. Katika tabaka za baadaye za mahali hapo, zenye umri wa takribani miaka 300,000, mna vifaa vya obsidiani, yaani kioo cheusi cha volkano, kilicholetwa kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 25. Huko Kapthurin, Baringo, watu walichonga mabamba membamba marefu yapata miaka 500,000 iliyopita.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kusimama. Mwaka 2015 Thomas Morgan na wenzake walichapisha jaribio ambalo ndani yake watu wa leo walifundishwa kuchonga mawe kwa njia mbalimbali: wengine kwa kutazama tu, wengine kwa ishara, wengine kwa maneno. Waliofundishwa kwa maneno walifanya vyema zaidi. Yamkini, basi, haja ya kumwambia mwanagenzi "geuza, piga hapa" ni miongoni mwa mambo yaliyoukunjua ulimi wa binadamu.

Ikiwa ndivyo, Kiswahili kina neno gani kwa kazi hii? Lipo moja la kale: gumegume. Ni jiwe gumu litoalo cheche. Ni bunduki ya zamani iliyowashwa kwa cheche hizo. Na ni mtu asiyefaa kitu. Maana ya tatu imezimeza mbili za kwanza. Leo mume gumegume hujulikana na kila mtu, ilhali jiwe lililompa jina limesahaulika.

Huenda dharau hiyo haikuanzia katika neno. Nchini Ethiopia, miongoni mwa Wakonso, wapo wanawake waliorithi ustadi wa kuchonga mawe ya kuparia ngozi, wakathibitisha kwamba kazi hii haikuwa ya wanaume peke yao. Hata hivyo, kimapokeo, kundi la mafundi wa ngozi limehesabiwa kuwa la hadhi ya chini. Jamii hutumia kazi ya mkono, kisha humdunisha mwenye mkono.

Shule za msingi za Tanzania zimezoea kusema Zama za Mawe kwa Kiswahili. Nchini Kenya, ambako mawe yenyewe yamefukuliwa, somo hilo hufundishwa zaidi kwa Kiingereza, na mtoto wa Turkana au Baringo huupokea urithi wa nyumbani kwao kwa msamiati wa ugenini. Ilhali maneno yapo: jiwe mama, kibanzi, bandu, kinundu, ukingo, makali. Kilichosalia ni wanaisimu na wanaakiolojia kuketi pamoja, wayapange, wayaingize vitabuni. Gumegume nalo lirejeshewe heshima yake, maana lugha isiyoweza kulitaja jiwe lililo chini ya miguu ya wasemaji wake itawaachia wageni kazi ya kulisimulia.