Injini Iliyolala Wilson

Barabara ya Lang'ata ilikuwa imefungana magari, lakini ndani ya Uwanja wa Wilson, Nairobi, Cessna zilikuwa zikipanda na kushuka kama kawaida. Uwanja ulipewa jina hilo mwaka 1962, kwa heshima ya Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Watalii wa Maasai Mara huishia sehemu ya abiria. Mimi nilipita nyuma, kwenye mabanda ya mafundi, kunakonuka mafuta ya taa na oili iliyoungua.

Mezani ilitandazwa injini ya Lycoming O-360, silinda 4, kila kipande kimeoshwa na kufungwa kibandiko. Kiwanda hushauri injini hii ishushwe na kufunguliwa yote baada ya saa 2,000 za kuruka au miaka 12, kipi kitangulie. Hii haikuwa imefika hata nusu ya saa hizo. Ililetwa kwa sababu filta yake ya oili ilipopasuliwa, mikunjo ilijaa chembe zinazometa na sumaku ikazivuta. Alumini haivutwi, kwa hiyo kilichokuwa kikilika ni chuma.

Chuma kipi? Fundi mkuu, ambaye vijana wake humwita Injinia, alianza na silinda. Alitumbukiza geji, akapima juu, katikati na chini, akaigeuza robo mzunguko, akapima tena. Juu ni pembamba kidogo, na pameundwa hivyo makusudi: huko ndiko kwenye moto, chuma kikitanuka kuta zinanyooka. Ndege zinazotua kwenye murram mara nyingi huharibikia hapa, maana filta ya hewa ikivuja, vumbi husaga ringi na kuta. Hizi zilikuwa na madoa ya kutu tu. Vipimo vilikuwa sawa.

Krankishafti ilipelekwa chumba cha giza. Ilitiwa usumaku, ikamwagiwa mafuta yenye unga wa chuma unaong'aa, taa ya urujuanimno ikawashwa. Mwanagenzi akaona mstari wa kijani, akashtuka. Injinia hakusema neno. Aliusafisha, akarudia kazi yote. Mstari haukurudi. Ulikuwa uzi wa kitambaa.

Tapeti, vipande vinavyosukumwa na kamshafti ili kufungua vali, ndizo zilizotoboa siri. Uso wake hutakiwa kuwa laini kabisa, lakini hizi zilikuwa na vishimo vinavyokwaruza ukucha, na nundu za kamshafti zilikuwa zimeshalika ncha. Katika Lycoming hii kamshafti imekaa juu ya krankishafti na hutegemea oili inayorushwa kutoka chini. Ndege ikiegeshwa miezi, oili huchuruzika, unyevu hubaki, kutu huanza. Siku ya kuruka, tapeti hiyo ni tupa.

Meza ya pili ilikuwa na injini ya shule ya urubani, saa zake karibu zote zimekwisha. Tapeti zake zilikuwa safi. Kwa maoni yangu, anayenunua ndege kwa kusoma daftari la saa peke yake anabahatisha.

Mwenye ndege alifika saa sita.

"Injinia, hii injini haijafanya kazi hata kidogo!"

"Ndiyo maradhi yake, Mzee."

Mzee akauliza kama wangeweza kubadilisha zile tapeti mbovu tu. Akaambiwa hapana: ni kamshafti nyingine, na tapeti zote 8 mpya. Akavuta kiti, akaomba kikokotoo.