Ziwa Lilionekana, Mama Hakuonekana

Ukutani kwetu hapa Bukavu imetundikwa picha moja ambayo kila mgeni huisifu. Yaonyesha ziwa Kivu liking'aa kama kioo, na ng'ambo yake vilima vya Rwanda. Mbele ya ziwa ameketi mtu. Huyo ni mama yangu mzazi, lakini asiyeambiwa hawezi kumjua, maana uso wake ni giza tupu. Aliyeipiga picha hiyo ni mimi, nami napenda kuwasimulia kosa langu, ili ninyi msilirudie.

Ilikuwa mwezi wa Juni 1988, siku ya Komunyo ya Kwanza ya mdogo wangu. Rafiki alikuwa ameniazima kamera, na katika filamu yake ilisalia picha moja tu. Tuliporudi kutoka Misa, jua lilikuwa juu, limeinamia kidogo upande wa ziwa. Nikamketisha mama mbele ya nyumba yetu kule Kadutu, mgongo wake ukielekea maji. Mama akasema, "Mwanangu, jua hili laniunguza, twende barazani." Nikamjibu, "Vumilia kidogo, mama, nataka ziwa lionekane." Naam, ziwa likaonekana. Mama hakuonekana.

Picha ilipotoka dukani tulicheka tu, tukidhani siku nyingine itakuja. Haikuja. Mwaka 1990 Mungu alimwita mama. Picha yake ya kitambulisho ilikuwa imepotea, basi siku ya mazishi tuliweka karibu na jeneza ile ile ya ziwa. Mtoto wa dada yangu akaitazama, akauliza, "Huyu ni nani?" Neno lile lanichoma moyo hata leo.

Tangu hapo nilijifunza kutazama mwanga kwanza, ndipo nimtazame mtu. Jicho letu laweza kuona ziwa linalong'aa na uso uliomo kivulini kwa wakati mmoja, kamera haiwezi. Nyuma ya mtu pakiwa na mwanga mwingi, kamera inayojipima yenyewe hupunguza mwanga wote, na uso hugeuka giza. Nasi wenye ngozi nyeusi hupata hasara zaidi. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, mafundi wa picha huko Marekani walizipima rangi kwa picha ya mwanamke Mzungu, wala nyuso kama zetu hazikufikiriwa sana. Kwa hiyo uso wetu wadai mwanga wa kutosha, utokao mbele au ubavuni.

Mwanga huo wapatikana wapi? Bukavu i karibu na ikweta. Jua huchomoza ng'ambo ya Ruzizi, likapanda upesi. Mwezi wa Machi, na tena mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya utosi. Hapo macho ya mtu huwa kama mashimo, na pua yatupa kivuli midomoni. Saa hiyo mwondoe juani. Mpeleke barazani, karibu na ukingo, uso wake uelekee nje penye mbingu. Ndilo shauri alilonipa mama, ambaye hakusoma kitabu chochote cha picha.

Asubuhi mapema na jioni, mwanga huwa mpole, nao hutoka ubavuni. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hata Agosti, vumbi na moshi wa mashamba hulipa jua la jioni wekundu unaopendeza nyuso. Wala siku za mawingu tusinung'unike. Wingu lililotanda ni kama pazia kubwa jeupe: halitupi vivuli vikali, na jamaa nzima yaweza kusimama uani bila mtu kufumba macho. Usiku, umeme ukikatika, mshumaa mmoja wafaa, mradi uwe karibu. Ukiuweka mbali mara mbili, mwanga unaoufikia uso hubaki robo tu. Tena uiegemeze simu mezani isitikisike, na umwombe mtu atulie.

Mwaka 2011 baba alikuwa mgonjwa, hatoki tena nje. Asubuhi moja nilikivuta kiti chake hata dirishani, nikamgeuza nusu kuelekea mwanga. Upande wa pili wa uso ulikuwa na giza. Dada yangu akashika shuka jeupe karibu naye, ili lirudishe mwanga. Kisha nikagusa uso wake kwenye kioo cha simu, ili simu ijipime kwa uso, wala si kwa dirisha. Katika picha ile hamna ziwa wala vilima. Lakini kila kunyanzi laonekana, na kovu la kipajini alilolipata utotoni, na hata nyuzi za fulana yake nzee. Baba akaitazama kwa muda, akasema, "Naam, huyu ni mimi."

Alituacha mwaka uliofuata. Picha ile ikawekwa mbele ya jeneza, wala hakuna mtoto aliyeuliza ni nani.

Ndugu msomaji, labda nawe unaye mzee nyumbani. Usingoje sikukuu, wala usitafute mahali pa fahari. Kesho asubuhi fungua dirisha, mkaribishe aketi kando yake, na kama akikuambia kwamba jua lamwumiza, msikilize. Ziwa litakuwapo mwaka ujao pia.