Kosa Nililolisahihisha

Mwaka 1998 mpwa wangu aliishi kwangu, na kompyuta yake ilikaa sebuleni kando ya rundo la madaftari ya Kidato cha Tatu. Alikuwa akifuatilia FreeBSD, mfumo wa kompyuta ambao msimbo wake wa asili, yaani maandishi ya watunzi wake kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, uliachwa wazi kwa kila mtu. Msimbo huo ulibadilika kila siku. Kuupakua wote upya kwa simu yetu ya waya, iliyokatika kila iliponyesha mvua, halikuwa jambo la kufikirika.

Alitumia njia iitwayo CTM, iliyobuniwa na Poul-Henning Kamp wa Denmark. Yenyewe ilituma tofauti tu: futa mistari hii, weka hii mahali pake. Tofauti hizo zilikatwa vipande, zikapewa namba, zikaja kwa barua pepe. Laini ikikatika leo, kipande kingengoja kesho. Mpwa wangu aliviita viraka, nami, mtoto wa mshona nguo, nikalipenda jina hilo. Nikibadili mshororo mmoja katika utenzi wa beti mia tatu, sina haja ya kukutumia utenzi mzima. Nitakuambia: ubeti wa 112, mshororo wa tatu, soma hivi. Ila sharti nakala yako iwe sawa na yangu.

Jioni moja alinionyesha faili mojawapo. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya Kiingereza, na neno moja lilikosewa herufi. Alipokwenda jikoni nikalisahihisha, nikahifadhi. Mkono uliozoea kalamu nyekundu haukuweza kulipita.

Siku chache baadaye kiraka kilikataa. Kabla ya kubadili chochote, CTM hupiga hesabu juu ya faili na kupata alama iitwayo MD5, yenye tarakimu na herufi 32. Isipolingana na alama aliyoiandika mtumaji, kazi husimama. Na kwa kuwa viraka hufuatana kwa namba, vya nyuma yake navyo vikakwama.

“Mjomba, kuna mtu amelitia mkono faili hili?”

Nikakiri. Nikalirudisha kosa kama lilivyokuwa, kiraka kikakataa tena. Tulihangaika usiku mbili ndipo tukagundua kwamba nilifuta pia nafasi tupu mwishoni mwa mstari, ambayo jicho haliioni. Ilipowekwa tena, alama ikalingana, na viraka vyote vikaingia kimoja baada ya kingine. Mpwa wangu hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nina daftari la mashairi ya mwenzangu wa chuo cha ualimu, aliyefariki kijana. La kwake liliharibiwa na maji. Nakala iliyobaki ni hii niliyoinakili mimi. Wakati wa kunakili, pale mizani ilipopungua niliijaza, na pale kina kilipoyumba nilikinyoosha, kwa mapenzi tu, wala sikuweka alama yoyote. Sasa nimestaafu na ninalisoma upya. Katika shairi alilomtungia mamaye, ubeti wa nne, kuna neno ambalo nadhani ni langu. Nimelipigia mstari kwa penseli, kisha nikaufuta, kisha nikalipigia tena.